Gari ya umeme na tozo ya kilomita: jibu kwa msomaji wa Tabora

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Tabora mjini, Ipuli. Nina IST tangu 2018, kila wiki naenda Urambo mara moja au mbili kwenye shughuli zangu, siku zingine ni mizunguko ya mjini tu. Mafuta yamenichosha, nataka niiuze niagize Nissan Leaf used toka Japani niwe nachaji nyumbani. Sasa shemeji yangu ananikataza, anasema huko Ulaya wameanza kutoza magari ya umeme kwa kila kilomita, tena gari inafungwa kifaa serikali inaona ulipo saa zote, na ikifika huku tutalia. Mimi naona ni uonevu maana umeme wenyewe wa LUKU (wa kulipia kabla) nakatwa kodi kibao, kwa nini nilipe mara mbili? Ni kweli? Au nibaki na IST yangu?"

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika kwa kirefu maana hapo umeuliza maswali kama manne kwa mkupuo na kila moja lina jibu lake. Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni hiki: utatumbukiza hela nyingi kwenye gari ili uikimbie pampu, halafu baada ya miaka miwili mitatu serikali ije ikudai kwa mlango mwingine. Shemeji yako hajakudanganya, tozo ya kilomita ipo kweli, ila kachanganya mambo, kaweka Ulaya yote kwenye gunia moja na hicho kifaa cha kufuatilia watu kakifanya lazima wakati sehemu nyingi hakipo kabisa. Na wewe kwenye LUKU hapo kuna kitu umekosea, tutafika.

Kwanza tuanze na hiyo IST yako hapo ilipopaki. Unaona kama hujawahi kutozwa kwa kilomita, lakini unatozwa kila siku, ni vile tu huonyeshwi. Ndani ya kila lita ya petroli kuna tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na kutoka kwenye huo mfuko ndio wakala wa barabara wa serikali, TANROADS na TARURA, wanapata hela ya kuziba mashimo, kuchonga barabara za vumbi na kuzibua makalvati. Mwaka 2021 peke yake iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, nadhani unazikumbuka kelele zake. Sasa chukua IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita, hiyo mia moja tu ni kama shilingi 8 kasoro kwa kila kilomita. Urambo kwenda na kurudi ni kama kilomita 180, unachoma lita karibu 14, kwa hiyo kila ukienda Urambo unaacha kama 1,400 kwa ile mia moja ya 2021, na hapo sijagusa tozo zingine zilizomo kwenye lita hiyo hiyo. Ukitembea sana unalipa sana, ukipaki hulipi. Hiyo ndio tozo ya kilomita yenyewe, imejificha kwenye bomba la pampu.

Halafu kuna jambo vijana wengi hawalikumbuki. Zamani kila mwenye gari alikuwa analipa ada ya mwaka, wengi tuliita rodi laisensi, gari hata kama imekufa uani kwa shangazi inasubiri injini deni linapanda tu. Kwenye bajeti ya 2017/18 ile ada ikafutwa na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Watu tulifurahi na kwa haki kabisa, lakini tuone kilichotokea: Tanzania tulihamisha karibu mchango wote wa mwenye gari kwa barabara tukaumwagia kwenye tenki la mafuta. Nchi nyingi bado zina ada ya mwaka pembeni. Sisi tenki ndio kila kitu.

Sasa lete Leaf. Haina tenki. Haichangii tozo ya barabara, wala haigusi ile ada ya mwaka iliyohamishiwa kwenye mafuta. Lami ya Urambo inaipita bure kabisa, huku nyuma yake kuna kijana wa bodaboda anayeweka mafuta ya elfu tatu na analipia barabara hiyo hiyo. Gari za umeme zikiwa kumi mkoa mzima hakuna anayeumia. Zikiwa nyingi, mfuko unaanza kupungua wakati barabara zinazidi kuongezeka, na hapo ndipo serikali za wenzetu zilipofika. Hawakuanza kutoza kwa sababu wanayachukia magari ya umeme, wengine ni hao hao waliokuwa wanawalipa watu ruzuku wayanunue.

Hapa ndio naomba nikurekebishe kidogo kwenye LUKU. Ni kweli unakatwa, ukiangalia risiti yako ya tokeni utaona VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na kodi ya jengo 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Zote ni halali kuzilalamikia, lakini soma tena hizo herufi: ya REA ni kupeleka umeme vijijini, ya EWURA ni ya msimamizi wa huduma za nishati na maji, kodi ya jengo ni ya jengo, VAT inaingia mfuko mkuu wa serikali. Hamna hata moja iliyoandikwa barabara. Kwa hiyo ukisema utakuwa unalipa mara mbili, kodi za umeme ni kweli utakuwa unalipa, ila barabara utakuwa hujailipia hata mara moja.

Tena wanaolipia barabara wasiyoitumia wapo na hakuna anayewasemea. Nenda Kibirizi kule Kigoma, muulize mvuvi mwenye mtumbwi wa mashine. Petroli anayochoma usiku kucha ziwani ina tozo ya barabara ndani yake, wakati mtumbwi wake haujawahi kukanyaga lami tangu uchongwe. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli kijijini naye hivyo hivyo, na mwenye jenereta. Mimi nimezaliwa Ujiji, hili limenikaa rohoni miaka mingi, na ni sababu mojawapo kwa nini siichukii tozo ya kilomita kama watu wengi wanavyoichukia. Ukimtoza mtu kwa kilomita alizotembea barabarani, mvuvi hayumo.

Tuje kwenye wenzetu wanavyofanya, maana hapa ndio shemeji yako alipotishika.

New Zealand ndio wakongwe. Wao magari ya dizeli yanalipa kwa kilomita tangu mwishoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo walikuwa na mfumo tayari, wakayasamehe ya umeme kwa miaka mingi, halafu tarehe 1 Aprili 2024 msamaha ukaisha. Sasa gari ndogo ya umeme inalipa dola zao 76 kwa kila kilomita 1,000, na haibridi ya kuchomeka (yenye injini ya petroli na betri ya kuchaji) inalipa 38 kwa sababu yenyewe tayari inachangia kidogo kwenye petroli. Wanalipaje? Unanunua kilomita kabla ya kuzitembea. Yaani ni LUKU ya barabara! Unanunua elfu moja au elfu tano, unapewa karatasi unabandika kioo cha mbele inayoonyesha umelipia mpaka mita ya kilomita ya gari isome ngapi, ukizikaribia unaongeza. Gari ikienda ukaguzi wa kawaida mkaguzi anasoma mita. Hakuna GPS kwa gari ndogo, hakuna anayejua ulikuwa kwa mkwe au kwenye mpira. Na mwenye dizeli anayetembea shambani kwake, nje ya barabara ya umma, anaruhusiwa kudai arudishiwe.

Iceland walianza Januari 2024, kwa kuanzia krona 6 kwa kilomita kwa gari ya umeme na krona 2 kwa haibridi ya kuchomeka. Wao mwenye gari mwenyewe anaingiza namba ya mita kwa simu au kompyuta angalau mara moja kwa mwaka, analipa kila mwezi kwa makadirio, mwisho wa siku hesabu inasawazishwa. Uingereza nao wametangaza kwenye bajeti ya Novemba 2025 kwamba kuanzia Aprili 2028 gari ya umeme italipa peni 3 kwa maili, haibridi ya kuchomeka peni moja na nusu. Nao wamesema hawafungi vifaa vya kufuatilia, ni mita tu inasomwa. Lakini mita haijui mpaka, kwa hiyo Mwingereza akivuka na gari yake kwenda Ufaransa kilomita za huko nazo zinahesabiwa, na watu wamelalamika. Fikiria hapo mfanyabiashara wa Kigoma anayevuka Manyovu kwenda Burundi kila wiki. Lingekuwa swali la kweli kwetu, wala sio dogo.

Wengine wameshindwa. Jimbo la Victoria huko Australia lilianza Julai 2021 kwa senti 2.5 kwa kilomita, wenye magari wawili wakaenda mahakamani, na Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Na haikufutwa kwa sababu kutoza kilomita ni dhambi. Mahakama ilisema ushuru wa aina ile ni mamlaka ya serikali ya shirikisho, jimbo halina ruhusa. Nakutajia hili kwa sababu watu wakisikia "mahakama imefuta" wanadhani wazo lenyewe limekufa.

Kifaa cha kufuatilia kimetokea wapi sasa? Nadhani shemeji amesikia habari za Oregon, Marekani. Hao ndio waliokuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka kodi ya petroli, 1919, na 2015 wakawa wa kwanza kuanzisha mpango wa kulipia maili badala ya mafuta, wa hiari. Kule unaweza kuchagua kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi, na kipo chenye GPS na kisicho na GPS. Faida ya GPS ni kwamba maili za nje ya jimbo hazihesabiwi, yaani lile tatizo la Manyovu linaondoka. Hasara yake ndio hiyo unayoiogopa. Sheria yao inataka taarifa za ulipopita zifutwe ndani ya siku 30 baada ya malipo kumalizika. Malori ya Ujerumani nayo yanatozwa kwa satelaiti tangu 2005, lakini hayo ni malori.

Kwa hiyo hofu yako ya kufuatiliwa siidharau hata kidogo, na mtu akikuambia "kama huna cha kuficha unaogopa nini" usimkubalie. Ila elewa kwamba ni suala la kuchagua njia. Kujua umetembea kilomita ngapi ni kitu kimoja, kujua umezitembelea wapi ni kitu kingine kabisa, na barabara inahitaji la kwanza tu. Siku likija huku, hapo ndipo pa kusimama na kupiga kelele: mita ndio, ramani hapana. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo pa kushikia papo.

Njia ya mita nayo ina ugonjwa wake na huu Watanzania tunaujua vizuri: kurudisha kilomita. Gari yangu ya kwanza niliuziwa inasoma kilomita 68,000, ngozi ya usukani imelika mpaka inang'aa, pedali ya breki imeisha mpira, na mimi nikaamini namba. Fundi alipofungua akakuta kijikaratasi cha kubadilisha oili cha zamani kimeandikwa kilomita laki moja na arobaini na kitu. Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa akiba ya miaka. Sasa kama leo mtu anarudisha mita ili auze gari tu, ukianza kumtoza kwa hiyo mita si ndio atairudisha kila mwezi? Ndio maana nchi zinazotumia mita zinaisoma mara kwa mara na kutunza kumbukumbu, namba ikishuka tu mfumo unapiga kelele. Bila ukaguzi wa uhakika wa kila mwaka tozo ya mita inakuwa ya waaminifu peke yao, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kuna njia nyepesi zaidi. Ada ya mwaka kwa kila gari ya umeme, majimbo mengi ya Marekani yanafanya hivyo. Rahisi kukusanya, lakini anayezunguka Ipuli na soko kuu tu analipa sawa na anayekwenda Mwanza kila wiki, tunarudi kule kule kwenye rodi laisensi ya gari iliyokufa uani. Nyingine ni kutoza umeme wenyewe kwenye vituo vya kuchajia, jimbo la Kentucky huko Marekani walianza 2024 kwa senti 3 kwa uniti. Tatizo ni nyumbani, mita ya LUKU haijui kama uniti imeingia kwenye gari, kwenye friji au kwenye pasi. Na tozo za barabara moja moja, za geti, zinafaa daraja au barabara kuu yenye msongamano, sio barabara ya Sikonge.

Kuna hoja nyingine utaisikia vijiweni, kwamba gari za umeme zina betri nzito zinaharibu barabara kwa hiyo zilipe zaidi. Hapa mimi ni kazi yangu nimepima lami zaidi ya miaka 20, niruhusu. Mwishoni mwa miaka ya 50 Wamarekani walijenga barabara za majaribio huko Ottawa, Illinois, wakazungusha malori juu yake usiku na mchana karibu miaka miwili, wakagundua uharibifu haupandi sawa na uzito, unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaobeba matairi ya pande mbili. Ukizidisha uzito mara mbili, uharibifu ni mara kumi na sita. Leaf ina kama tani moja na nusu, kila ekseli robo tatu ya tani. Lori la tumbaku linalotoka Kaliua, kwa sheria ya Afrika Mashariki ekseli moja ya matairi manne inaruhusiwa tani 10. Piga hesabu: ekseli moja ya lori hilo inaiumiza lami kama ekseli za Leaf zaidi ya elfu thelathini. Kati ya IST na Leaf tofauti ipo lakini lami haiisikii. Kinachoua barabara zetu ni lori lililozidisha, na maji yaliyokosa mtaro. Kwa hiyo gari ndogo kuchangia ni sawa kwa sababu inatumia barabara, mtaro na alama zake, ila mtu akitaka kuitoza kama mharibifu mkubwa hana hoja.

Na sisi wa huku ambako mji na mji ni mbali, je, kilomita si zitatuonea? Nilikuwa nafikiri hivyo zamani. Lakini angalia: barabara mbovu inakunywesha mafuta. Ukipita kwenye makorongo na mchanga kwa gia ya pili, IST inayokwenda 13 kwa lita inaweza kushuka sana. Maana yake leo anayetumia barabara mbaya zaidi ndiye anayelipa tozo kubwa zaidi kwa kila kilomita! Kwa kilomita, angalau wa barabara mbovu na wa lami wanakuwa sawa, na serikali ikitaka inaweza hata kuweka kiwango cha chini kwa mikoa ya mbali. Kwa pampu huwezi.

Sasa kwetu itakuja au haitakuja? Mimi siandiki bajeti. Lakini dalili ipo: kwenye bajeti ya 2024/25 lililetwa pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi inayotumika kwenye magari, na hoja ilikuwa hii hii, kwamba wenye gesi wanatumia barabara na hawachangii tozo ya mafuta. Likazua mjadala mkubwa. Waliofika kwenye gesi, umeme hawataacha kuufikiria zikishakuwa nyingi. Ushauri wangu ni upange maisha yako kama vile itakuja siku moja, usishangae.

Basi tuipigie hesabu mapema uone kama inakuua. Kwa mfano tu, petroli tuiweke 3,000 kwa lita, IST kwa kilomita 100 inachoma karibu lita 7.7, hiyo ni 23,000. Leaf kwa kilomita 100 itavuta kama uniti 18 ukutani ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji, kwa 356 kwa uniti pamoja na kodi ni kama 6,400. Sasa iongezee tozo ya Uingereza yenyewe, kwa makadirio ya kubadilisha pesa ni kama elfu sita kwa kilomita 100, inakuwa 12,400. Iongezee ya New Zealand ambayo ni kali, kama elfu kumi na moja na nusu, inafika 18,000 hivi. Bado iko chini ya IST, na hivyo ni viwango vya nchi ambazo kipato chao sio chetu, hakuna mwenye akili atakayevibandika Tabora kama vilivyo. Kwa hiyo tozo ya kilomita peke yake sio sababu ya kuiacha Leaf. Inapunguza faida, haiigeuzi hasara.

Sababu za kuiacha zinaweza kuwepo lakini ziko kwingine, na ndio nilitamani ungeniuliza. Wewe safari yako ni Urambo, 180 kwenda na kurudi. Leaf za mwanzo za betri ya kubeba uniti 24 (kWh) zikiwa mpya kabisa zilikuwa na uwezo wa kilomita kama 120 hadi 135 kwa kipimo cha Marekani, na hizo unazoziona bei chee kwenye mitandao betri zimechoka tayari. Hiyo haikurudishi nyumbani. Ya 30 mpya ni kama 170, nayo haitoshi. Unahitaji ya 40, ya kuanzia 2018 au mwishoni mwa 2017, ambayo ikiwa mpya ni kama 240, na yenye betri bado nzima. Betri ya Leaf haina mfumo wake wa kupoza kwa maji, joto linaila, na joto la Oktoba la kwetu unalijua. Angalia vile vijistari 12 pembeni ya kipimo cha chaji, vikiwa vimepungua viwili vitatu kaa mbali nayo. Au uwe na sehemu ya uhakika ya kuchaji Urambo ukiwa kwenye shughuli, masaa manne matano, tena siku umeme upo.

Na LUKU yako iangalie upo tarifu gani. Kama upo ile ndogo ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, unanunua kwa shilingi 100 kabla ya kodi, ukianza kuchaji gari utaivuka ndani ya safari mbili tatu na utahamishiwa kwenye 292 kabla ya kodi. Hapo sio gari tu imepanda, na friji na taa na pasi vyote vimepanda pamoja nayo. Watu wanasahau kabisa kuliweka hili kwenye hesabu.

Kabla hujatuma hela, kuna watu watatu wa kuonana nao uso kwa uso, mimi hapa siwezi kuwa badala yao. Nenda ofisi ya TRA hapo Tabora na mwaka na modeli ya gari unayotaka, wakupe makadirio ya ushuru wa kuingiza ya siku hiyo, maana hivi vinabadilika kila bajeti, usitumie namba ya mtu wa mwaka jana. Tafuta fundi umeme mwenye leseni aje nyumbani aone waya, mita, breka na athi, kuchaji ni kuvuta mzigo mkubwa masaa saba nane mfululizo usiku mmelala, waya mwembamba wa soketi ya pasi unaungua, na plagi ya Kijapani haiingii kwenye soketi yetu kwa hiyo usikubali mtu akuungie kiujanja. Kama waya wa nguzo hadi nyumbani ni wa zamani, TANESCO wenyewe ndio waseme. Na kama unakopa ili ununue, kaa na mtu wa mkopo mpige hesabu na ile 18,000 ya kila kilomita 100 ndani yake, sio 6,400. Ikilipika kwa 18,000, umepona.

IST usiiuze mpaka Leaf iwe imefika na umekwenda nayo Urambo na kurudi angalau mara tatu, moja iwe siku ya joto na gari imejaa.

Na siku ikifika, kabla hujaiwasha, piga picha mita ya kilomita na tarehe ionekane, halafu uiweke pamoja na cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, kile huwa kinaandikwa kilomita. Linganisha namba mbili hizo. Zikitofautiana sana, rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo.